Kule Alikonituma Phelix

Mogogosiek,
Jumapili, Agosti 1974

Kwa rafiki yangu mpendwa Chemutai,

Nakusalimu kwa jina la Bwana wetu, wewe na mumeo Mzee Kiptanui, watoto wote, na mama mkwe wako aliyenifundisha kutengeneza mursik, yale maziwa ya kibuyu, nikamwaga nusu yake chini. Natumaini barua hii inawakuta na nguvu, mahindi yamebeba vizuri na ng'ombe hawajapungukiwa maziwa. Ukiuliza habari zetu, sisi tunapumua. Zaidi ya hapo sitakudanganya.

Tangu mlipohama laini hizi za wafanyakazi wa chai mkaenda kulima kwenu Chepseon, watu wengine wamekaa katika nyumba yenu na kuondoka, na hakuna hata mmoja aliyewahi kunigongea ukuta asubuhi kuniuliza kama nina moto. Naukumbuka sana ule mkono wako ukutani.

Ulisikia kwamba Phelix alipinduka na trekta, lakini habari zikisafiri hupungua au huongezeka, kwa hivyo acha nikueleze mwenyewe. Ilikuwa mvua kubwa ya mwaka jana. Alikuwa akishusha trela la majani kwenda kiwandani, ile kona ya darajani ambayo hata wewe ulikuwa ukiiogopa. Barabara iliteleza, trela likaisukuma trekta kutoka nyuma, zote zikaingia mtaroni. Kuanzia kiunoni kwenda chini hasikii kitu. Hospitali walikaa naye mpaka wakaona hakuna zaidi. Daktari akaniita kando akaniambia nimpeleke nyumbani, niwe nikimgeuza mara kwa mara asipate vidonda.

Mwanzoni Phelix alikuwa akiangalia ukuta tu. Wasichana wetu wakimsalimu, anajibu kama mtu aliye ng'ambo ya mto. Halafu Bosibori, ambaye sasa yuko darasa la tano, akaokota ubao wa sanduku la majani chai lililovunjika, akamletea baba yake awekee kikombe. Phelix aliugeuza ule ubao, akaushika kwa muda mrefu, akaomba makaa na rangi iliyobaki tulipopaka mlango. Akaanza kuchora nchi.

Si nchi ya kweli, Chemutai, ni nchi ya mchezo. Kila mchezaji ana punje yake ya haragwe, ndiye msafiri wake. Unarusha kijiti alichokichonga pande nne, kinakuambia uende mbele au urudi. Kuna mto ambao mawe yake huhama ukiyakanyaga. Kuna msitu wenye walinzi wasiolala, na kuna zimwi la ukungu ambalo likikupata unarudi nyumbani kwa mama yako kuanza upya. Atakayefika juu kwenye moto ndiye mshindi. Wasichana walipenda mchezo huo mpaka wakawa wanasahau kula.

Lakini Phelix hakutaka kuchora kilima kama mtoto anavyochora kilima. Alisema zimwi la uongo linataka mto wa kweli, la sivyo hakuna atakayeliogopa. Na miaka yote hiyo alipita mahali huku amekaza macho barabarani, ameshika usukani, hakuona vizuri kitu chochote. Kwa hivyo akawa ananituma mimi. Jumapili baada ya kanisa nilikuwa nikienda kuangalia, kisha narudi kukaa kando ya kitanda nimsimulie.

Nilienda kwenye maporomoko ya Kipsonoi, nikamwambia jinsi maji yanavyoshuka yamechanika vipande vipande juu ya mwamba mweusi. Akayachora, akayaita Ndevu za Zimwi. Nilienda mpaka msitu wa Mau unapoanza, pale mianzi imesongamana, nikaona magogo yaliyoungua zamani yamesimama wima. Hayo ndiyo yakawa walinzi. Nikamwambia kwamba asubuhi ukungu ukikaa juu ya majani chai, vichaka vinaonekana kama migongo ya ng'ombe waliolala. Akafurahi sana, akachora kundi zima la ng'ombe waliogeuzwa mawe, na sheria ikawa kwamba ukirusha vibaya wanaamka. Mimi niliyechuma majani hayo tangu nije hapa nikiwa msichana, nilikuwa sijawahi kuyaona hivyo. Nilikuwa nayaona kama kikapu kisichojaa.

Watu wa laini wakaanza kuja jioni kucheza. Hata Orina, nyapara wetu, alikuja, akashindwa na Nyatichi wangu mdogo, akamkasirikia zimwi kana kwamba ni mfanyakazi aliyechelewa. Wakati huo nilifikiri Mungu ametukumbuka.

Kisha mambo yakageuka. Vidonda vilitokea, ingawa nilikuwa nikimgeuza. Kumhudumia kulinifanya nichelewe shambani, siku nyingine nisiende kabisa, na mwishowe nikaondolewa kwenye kibarua. Orina alikuja akasimama mlangoni, akakataa kuketi. Akaniambia kwa heshima, macho yake yakiwa kwenye kofia yake, kwamba nyumba ni ya mtu anayefanya kazi, na sisi sasa hatuna anayefanya kazi, na amri imetoka juu. Nikamwandikia kaka yake Phelix kule kwetu. Akajibu kwamba shamba la baba yao limekwisha kugawanywa na mtu asiyeweza kusimama hawezi kulima. Akatuombea baraka. Wazazi wangu, kama unavyojua, nilishawazika. Nikawa nalala na kuamka na neno moja tu kichwani: wapi.

Ni katika siku hizo ndipo Phelix aliponiambia kwamba nchi yake imebakiza sehemu moja, jabali la mwisho, mahali ambapo dunia inakatika. Akaniambia niende juu ya korongo lile lililo nyuma ya shamba la mwisho la chai. Safari hii aliuliza maswali mengi. Njia ni pana? Wilibaro inaweza kupita? Kuna uzio pale ukingoni? Nilifikiri ni yale yale ya kutaka kila kitu kiwe cha kweli.

Chemutai, yanayofuata sijamwambia mtu yeyote isipokuwa Phelix. Yasome ukiwa peke yako.

Nilifika pale ukingoni adhuhuri. Nilitakiwa nitazame ng'ambo, lakini nilitazama chini. Kuna mawe makubwa na maji membamba yanapita katikati, na sauti yake haifiki juu. Nikaona kwamba pale hakuna atakayeniuliza tunahamia wapi. Nilivua viatu nikaviweka pamoja kando ya njia, kwa sababu bado ni vizuri, na mguu wa Bosibori umekaribia kuwa kama wangu. Nilikuwa nimefikia hapo, rafiki yangu. Nilikuwa nikifikiria viatu.

Ndipo nikasikia mtu anahema nyuma yangu. Alikuwa kogo mmoja, bibi mzee sana wa kwenu, ametua mzigo wa kuni chini na sasa umemshinda kuuinua. Hakunisalimu hata. Alisema tu, "Mama, saitia mimi kupepa," yaani nimsaidie kubeba. Nikasimama nikimwangalia. Akarudia kwa hasira kidogo, kama mtu anayemwambia binti yake mvivu, "Kuja! Saitia!" Nikaenda. Niliinua ule mzigo, nikaona atavunjika mgongo, nikautwaa mwenyewe. Tulipotembea kidogo alitazama miguu yangu, akauliza viatu viko wapi. Nikamwonyesha kwa kidole. Alinitazama, akatazama ukingo. Kisha akaniambia nivifuate, na akasimama palepale njiani akiningoja, hakuondoa macho yake kwangu mpaka nilipovaa na kurudi. Nilimfikishia kuni kwake. Alinipa maziwa, akakaa mlangoni mpaka nilipoyamaliza.

Nyumbani Phelix aliniuliza nilichoona. Nikamweleza mawe, nikamweleza yale maji membamba, nikamweleza jinsi sauti isivyofika juu. Akauliza ng'ambo kukoje. Nikarudia habari za mawe. Akauliza tena, ng'ambo kuna miti au kuna mashamba? Nikasema sijui. Akaweka makaa chini. Akaniuliza taratibu, "Drusilla, wewe ulienda kuangalia nini?"

Sikuweza kumficha. Nilimwambia yote, na viatu pia.

Alijifunika uso kwa mikono, na nilifikiri nimemuua kwa maneno yangu. Alipoweza kusema, aliniambia kwamba jabali lile halikuwa la mchezo. Alikuwa amepanga kuwaomba vijana wa laini wamsukume kwa wilibaro wakampumzishe pale juu apate hewa, kisha awatume maji ya kunywa. Alitaka ajue njia kwanza. Alisema aliona akiondoka yeye, mimi ningerudishiwa kibarua, na watoto wangebaki na paa. Na mimi nilikuwa nimesimama palepale nikifikiri nikiondoka mimi, ndugu zake wataona aibu wamchukue. Tulilia mpaka Nyatichi akaingia kuuliza ni nani amekufa. Phelix akamvuta kitandani, akamwambia hakuna aliyekufa.

Sikuambii kwamba tumepona. Bado naogopa kumwacha peke yake, naye akiniona nimechelewa kisimani anamtuma Bosibori mbio. Lakini sasa kila mmoja anajua mwenzake anatazama wapi.

Phelix ndiye aliyetaja jina lako. Alisema Chemutai ana ghala la mahindi ambalo halijai mpaka mavuno, tunaweza kulala humo. Mimi niliona haya, kwa sababu sisi si ukoo wenu wala kabila lenu, na mgonjwa si mgeni wa siku mbili. Lakini haya nimeshaiacha kule juu. Tunaomba mahali pa kulala mpaka nipate kibarua huko kwenu. Nitalima, nitakamua, nitafua. Kiptanui akikataa sitamlaumu, mwambie aseme wazi.

Jumamosi ni lazima tutoke hapa, jibu liwe limefika au halijafika. Orina amezungumza na dereva wa lori linalopitia Kericho, naye amekubali kutushusha Chepseon sokoni. Nisalimie Kiptanui kwa heshima zote, na mama mkwe, na watoto mmoja mmoja. Bosibori na Nyatichi wanawasalimu.

Nina ombi lingine dogo. Ukituona tumefika, usilie mbele yake, na usiwaache watu wamzunguke wakimpa pole. Mweke mahali penye jua, na kabla hujampa hata chai, mpe gunia la mahindi ayapukuchue.

Ni mimi jirani yako wa ukuta mmoja,

Drusilla, mke wa Phelix Nyang'au