Baba, Mpaka Wetu Umo Ndani ya Matuta

Baba yangu, mwenye redio na jembe,

Walikuja ndugu zako wa Matai na mapanga. Naanza na hilo kwa sababu ungekuwepo ungeniambia, "Habari kwanza, maelezo baadaye." Walifika kwa pikipiki, wakamkuta baba mdogo Gaspari ananoa panga lake, na wote wakasema ni ya kufyekea. Sijui walitaka kufyeka nini. Shamba letu la Kizwite unalijua, halina hata kichaka. Upande wa pili, jirani yetu baba Oliva akaita ndugu zake kutoka Mbeya. Nao walikuja na mapanga ya kufyekea.

Ukiuliza chanzo, kila mtu anakwambia ni nguruwe. Nguruwe wa baba Oliva alitoka bandani akachimbua viazi vyetu. Ni kweli alichimbua, nilimfukuza mimi mwenyewe. Lakini baba, nguruwe huyohuyo alikula viazi vyako mwaka juzi. Ulimfunga kamba, ukampeleka kwao, ukasema mlangoni, "Nimewaletea mgeni wenu. Ameshakula." Baba Oliva alicheka mpaka akakaa chini, akakukaribisha pombe ya ulezi, ukarudi nyumbani unaimba. Sasa kwa nini mwaka juzi nguruwe alikuwa mgeni, na mwaka huu ni mchokozi?

Unakumbuka jioni zetu za taarifa ya habari? Mama yuko jikoni, wewe umeiweka redio juu ya gunia la mahindi, mimi nakaa karibu na mguu wako. Nchi hii imeishambulia ile. Nikauliza, "Baba, wanagombea nini?" Ukajibu, "Sikiliza kwanza." Taarifa ilipoisha ukaizima redio ili kutunza betri, na jibu sikulipata.

Halafu shuleni tukasoma sababu za Vita Kuu ya Kwanza. Nilizikariri kwa Kiingereza, nikaja kukutambia kwa Kiswahili: mikataba ya kusaidiana vitani, mashindano ya silaha, kugombea makoloni, kila taifa kujiona bora kuliko jingine, na mwisho kabisa mrithi wa ufalme kupigwa risasi.

"Huyo wa risasi, Mungu amrehemu, ni nguruwe wa baba Oliva," ulisema. "Na hizo nyingine ni pointi za mtihani. Wale watu walikaa jirani miaka mingi. Nakuuliza mzizi, mwanangu. Babu yangu alibebeshwa mizigo ya vita hiyo, akapotelea njia ya Kasanga, na hakuna aliyemwambia mzizi."

Nilinuna. Mwalimu alikuwa amenipa vema kwenye kila pointi. Mwezi uliopita nimemaliza kidato cha nne, na kwenye mtihani wa historia nimeandika pointi zilezile. Labda nitafaulu. Lakini mzizi nimeuonea shambani, na umeniudhi kuliko nilivyotarajia.

Unajua mwenyewe tunavyolima. Mvua zikielekea mwisho, tunakata udongo pamoja na majani yake, tunaupindua, tunaurundika kuwa tuta la mviringo, ntumba, ili majani yaozee ndani. Mvua za msimu unaofuata zikianza tunalivunja, tunasambaza ule weusi, tunapanda. Majani yakiwa mazuri, tuta ni zuri. Na majani mazuri kuliko yote yalikuwa kwenye ukanda wa mpaka, kati yetu na baba Oliva, ambao haukuwahi kulimwa. Nilipokuwa mdogo ng'ombe wawili waliweza kupita pale bila kugusana.

Kila mwaka ulikata kidogo upande wako. Baba Oliva naye akakata kidogo upande wake.

"Wewe Mmbeya, acha tamaa, hilo jani ni langu!"

"Lako lina jina? Lisome basi!"

Mlicheka, na majani yakaisha mnacheka. Mwezi wa tatu mwaka huu mlikata ya mwisho, matuta yenu ya mbele yakakaribia kugusana. Kabla ya Pasaka tulikuzika.

Basi mvua zimeanza, baba mdogo amekuja kutusaidia kuvunja matuta, akatafuta mpaka, hakuuona. Akasema umeibwa. Baba Oliva naye akasema umeibwa. Nguruwe alikuja baadaye. Jumapili, wakati wa kutakiana amani kanisani, baba mdogo alimpa mkono mtu wa mbele na wa nyuma, akamruka baba Oliva wa pembeni yake. Mimi na Oliva, tuliokaa dawati moja toka kidato cha kwanza, tukakatazwa hata kusalimiana.

Jumamosi mwenyekiti wa mtaa alituita wote shambani. "Haya, mpaka ulikuwa wapi?"

"Hapa!" Baba mdogo alipiga jembe chini.

"Hapo ni kwangu. Ulikuwa pale," alisema baba Oliva.

"Watu wa kuja hawakosi maneno," alisema mmoja wa Matai, na wenzake wakaguna kwa furaha.

"Wa kuja?" Baba Oliva alimgeukia. "Jeneza la ndugu yenu nimelibeba kwa bega hili. Wewe siku ile nilikuona kwenye wali tu."

Mapanga yalisogea, baba. Niliyaona yanasogea. Unanijua mimi, hata kumwita muuza duka ni mpaka anione mwenyewe. Sijui sauti ilitoka wapi.

"Shikamooni."

Wakacheka. "Marahaba, profesa," alisema baba mdogo. "Tufundishe."

"Mpaka haujaibwa. Mmeulima. Umo humu." Nikaonyesha matuta ya mbele, yetu na yao. "Kila upande uache mstari mmoja, usivunjwe, usipandwe. Majani yataota, mpaka utarudi."

Mwenyekiti akasema mtoto amesema jambo. Baba mdogo akafikiri, akasema, "Sawa. Aanze yeye."

"Nianze mimi?" alisema baba Oliva. "Aanze yeye."

Nilitamani kulia kwa hasira. Walikuwa wamekubali! Kilichobaki ni nani aanze, na kwa hilo walikuwa tayari kukatana. Ndipo nikaelewa, baba. Zamani, kukiwa shwari, mlikuwa mnakula kidogo kidogo kile kilichowatenga bila kuwagombanisha, na hamkuona kwa sababu kulikuwa na utani. Ulipoondoka, utani ukaondoka na wewe, na majani yalikuwa yameshakwisha. Nguruwe akakuta uwanja mtupu. Nadhani na mataifa ni hivyohivyo. Yana mawaziri, yana wasomi, yana ramani za kujaza kabati, nayo yanasema aanze yeye, kwa sababu kuanza kurudisha kunafanana na kushindwa. Inachosha! Na wewe pia nimekukasirikia. Ulikuwa unauliza mzizi huku unaukata kwa jembe lako.

Aliyetuokoa ni mama.

"Shemeji, hili shamba ni la nani?"

Baba mdogo alikohoa. "La watoto wa marehemu."

"Basi mtoto ameshaanza. Mstari wa mbele tumeuacha."

Ni matuta yako ya mwisho, baba, na ndiyo meusi kuliko yote. Mama alikuwa ameyawekea mbegu ya ulezi. Kila nikipita natamani kuyavunja. Tumeyaacha yawe majani.

Watu wa Matai waliondoka wakilalamika kwamba wamepoteza mafuta ya pikipiki. Wa Mbeya nao wakaondoka. Jana baba Oliva alikuwa akivunja matuta yake. Alipofika mstari wa mbele alisimama kidogo, akaweka jembe begani, akaenda nyumbani bila kuugusa. Baba mdogo anasema ni uvivu. Oliva alibaki, akaniita kutoka upande wao.

"Mambo, Skola?"

"Poa."

"Nguruwe anakusalimia. Anasema umekosa adabu, ulimfukuza bila kumuaga."

Nilicheka mpaka nikakasirika tena. Kama ilikuwa rahisi hivi, mapanga yalikuwa ya nini?

Leo jioni nimewasha redio yako. Vita bado ipo. Kiongozi mmoja amesema yuko tayari kusimamisha mapigano, ila wenzake waanze. Nikaipigia kelele redio: "Anzeni nyie!"

Mama aliuliza kutoka jikoni, "Sasa unadhani wanakusikia?"

Sijui, baba. Baba Oliva alinisikia.

Pumzika. Betri nimeitunza.

Mimi binti yako wa kwanza, mwenye sauti ndogo,
Skolastika