Kifungu cha Saba na Imondo ya Kapteni

Kakamega,
Jumapili, Novemba 1996

Baba mpendwa,

Kuna jambo ambalo sijamwambia mtu yeyote, hata Mama: nilidanganya kwa kusoma. Sikuongeza neno. Niliruka kifungu kimoja cha mkataba, na mtu mzima amepoteza haki yake kwa sababu aliniamini.

Nimeanza na hilo ili nisilikimbie nikishafika kwenye salamu. Sasa nawasalimu. Mgongo wako umepata nafuu tangu wakutoe kwenye kukata mkonge? Mama bado anakohoa? Mimi mwili wangu ni mzima, na mtihani wa muhula nimekuwa wa pili. Obusuma, ule ugali wetu, na mboga tunapata kila siku. Kuku ndiye siwezi kumla tena, na utaona kwa nini.

Unajua kwamba Baba Mdogo ni mwenyekiti wa klabu ya kandanda ya hapa. Mwaka jana klabu za ligi yetu zilikubaliana kikomo: mishahara ya wachezaji wote wa klabu moja isipite kiasi fulani kwa mwaka, ili wenye pesa wasizoe wachezaji wote wazuri. Mimi niliona ni sheria ya haki. Baba Mdogo yeye akaanza kutafuta tundu lake. Alimtaka mshambuliaji mmoja wa Eldoret, lakini debe lilikuwa limejaa, kama alivyosema mwenyewe, na aliyelijaza zaidi ni Kapteni Makomere.

Kapteni ni kiungo wetu. Mpira ukimfikia, ameshajua utakwenda kwa nani, na timu nzima hucheza kwa kumtazama yeye. Uwanjani anasoma kila kitu. Karatasi ndiyo hawezi, maana aliacha shule darasa la tatu. Mimi ananiita Mwalimu kwa sababu hunikuta na kitabu kila anapokuja nyumbani. Ndiye mtu pekee hapa anayeniuliza nimesoma nini, kisha akangoja jibu hata nikikawia.

Basi wakamwandikia mkataba mpya. Mwaka huu angelipwa nusu, na nusu ya pili ingesogezwa miaka miwili ya mbele. Kwa hesabu ya ligi mshahara wake ungeonekana mdogo, na yule wa Eldoret angepata pa kuingilia. Kapteni hakukataa. Alikuwa amesimamisha kuta za nyumba yake na kungoja mabati tu, lakini alisema kuta zinaweza kungoja, timu haiwezi.

Mkataba uliandikwa kwa Kiingereza. Unajua desturi yetu: karatasi ikiingia nyumbani, mtoto anayesoma ndiye huitwa awasomee wakubwa kwa Kiswahili. Kabla wageni, yaani Kapteni na kamati ya klabu, hawajafika, Baba Mdogo aliniita nikapitie. Kifungu cha saba kilisema kwamba klabu ikimwacha mchezaji kabla ya miaka hiyo kwisha, kilichosogezwa mbele hakitalipwa. Nilikielewa, Baba. Sitaki kukuambia kwamba sikukielewa. Nilimwonyesha kwa kidole, na yeye akasema, "Hiyo mawakili huandikanga tu. Usichoshe wageni nayo."

Wageni walipokaa nilisoma cha kwanza hadi cha sita, kisha nikasoma cha nane. Sauti yangu haikutetemeka hata kidogo, na hilo ndilo linalonitia kinyaa kuliko yote.

Kisha Mama Mdogo akaleta kuku. Imondo ilikuwa juu ya sahani ya Baba Mdogo, mahali pake. Wewe unajua firigisi ya kuku ni ya nani katika nyumba ya Mluhya. Hata ulipokuwa mgonjwa Mama hakuturuhusu kuigusa. Baba Mdogo aliichukua kwa vidole vyake, akaiweka kwenye sahani ya Kapteni mbele ya kamati yote, akasema, "Leo mwenye nyumba ni wewe." Kapteni aliila polepole kama mtu anayekula sakramenti. Baada ya hapo angekataaje kutia kidole gumba? Alipomaliza kunawa aliniambia nimesoma vizuri.

Yule wa Eldoret alikuja, akafunga mabao, na mipira mingi aliyofunga ilitoka mguuni kwa Kapteni. Msimu ulipokwisha, wiki tatu zilizopita, walimwambia Kapteni kwamba umri umemfikia na hawatamhitaji tena. Alikuja nyumbani kuuliza habari ya ile nusu yake. Nilikuwa mezani na vitabu vyangu. Baba Mdogo hata hakupandisha sauti. Alisema, "Si ulisomewa? Muulize aliyekusomea."

Kapteni akanigeukia. "Mwalimu, hicho kifungu ulinisomea?"

Wewe ulinifundisha kwamba mtoto hamwumbui mkubwa mbele ya mgeni. Na karo yangu yote hutoka mkononi mwa mtu aliyekuwa ameketi pale. Yote mawili yalinipitia kichwani, na nikasema, "Nilisoma."

Hakubisha. Alisema, "Basi mimi ndiye sikusikia," akaomba radhi kwa kutusumbua, akaondoka bila kumaliza chai.

Tangu hapo kila kitu hapa kinanichukiza: kicheko cha Baba Mdogo, viti vya sebuleni, hata vidole vyake akimega obusuma. Jumapili iliyopita alichinja kuku kusherehekea nafasi ya timu katika ligi. Imondo akaila mwenyewe, akaguguna mfupa midomo yake ikiwa na mafuta, nami nikatoka nje nikatapika nyuma ya choo. Mama Mdogo alidhani ni malaria. Lakini nikiwa pale nimeinama nilijua kwamba ninayemchukia zaidi si yeye. Yeye hakusoma kitu. Msomaji nilikuwa mimi.

Najua huyu ni mdogo wako, na ulimwomba wewe mwenyewe anichukue. Sikuandikii ili mgombane. Nakuandikia kwa sababu nikisema ukweli huenda nisirudi shuleni Januari, na nisingependa usikie kwa mtu mwingine. Kama itanibidi kuja huko Voi kukata mkonge, nitakuja.

Nisalimie Mama, na dada Rispa anayengoja matokeo ya darasa la nane; mwambie kamusi yangu ni yake. Nisalimie Mzee Mwakio jirani yetu, aliyenifundisha kucheza drafti bila kuiba kete.

Ni mimi mwanao mwenye haya,
Elamu

Jumatano

Baba, bahasha nilikuwa nimeifunga, nimeifungua tena.

Jumatatu nilikwenda Shirere, kwenye chumba anachopanga Kapteni. Nilimkuta akikaanga mahindi, wanawe wawili wakingoja. Nilimwambia yote nikiwa nimesimama. Aliepua sufuria, akawagawia watoto kwanza, ndipo akauliza, "Hayo utayasema mbele ya watu?" Nikasema ndiyo. Akaniambia chama cha ligi kinakutana kesho yake ukumbini, na atawaomba wanisikilize.

Jana asubuhi nilichukua nakala ya mkataba kutoka kabati la sebuleni, nikamwambia Mama Mdogo ninakoipeleka. Hakunizuia. Alinifungia mihogo miwili kwenye gazeti.

Baba Mdogo alikuwa safu ya mbele. Waliponiita nilisimama, nikaomba ruhusa kwa kuwa mimi ni mdogo, kisha nikausoma mkataba kwa Kiswahili kuanzia juu. Nilipofika kifungu cha saba nilikisoma mara mbili, polepole, nikimtazama Kapteni. Nikasema, "Hiki sikukusomea."

Nikairudisha karatasi mezani, nikaketi karibu naye.