Kwa Baba Yetu, Fundi Saa Aliyefua Leso Zake Mwenyewe

Mwaka umetimia leo, Baba, tangu ulipotutoka Jumanne ile asubuhi, Mama amekushika mkono na hewa imekugomea.

Wateja walikuita Dakika Moja. Hakukuwa na saa iliyokushinda, wala hakukuwa na iliyokuwa tayari siku uliyoahidi. Yule bibi mjane alikuletea saa nzima, isiyo na ubovu wowote, kila wiki, akitafuta tu mtu wa kuzungumza naye. Ulijua. Uliifungua, ukaipuliza, ukaifunga, ukamsikiliza mpaka aridhike.

Siku alipozaliwa kifungua mimba wenu ulimwapia Mama kwamba sigara basi. Akaamini. Kwa miaka ishirini na miwili ulitafuna karafuu na tangawizi, naye akawatambia shoga zake: "Wangu ni wa peke yake. Leso zake anafua mwenyewe!" Wakamwonea wivu.

Kikohozi kilipoanza ulisingizia vumbi la saa kuukuu. Kisha Mama akatoa koti lako kulianika, na mfukoni akakuta leso imeviringishwa kwenye gazeti. Ulikuwa unakunywa chai.

"Hii damu ya nini, baba watoto?"

"Nimejikata na bisibisi."

"Wapi? Nionyeshe."

Ukaweka mikono yote miwili mezani. Mama akaigeuza, kidole baada ya kidole. Hapakuwa na hata mkwaruzo. Sisi wanao tulisimama mlangoni.

Bado ulipiga chenga majuma sita: leo una kazi, kesho umepata nafuu. Ulikubali hospitali siku ulipokwama katikati ya ngazi tatu za mlango wetu.

Daktari aliuliza kama unavuta. Ulimtazama Mama kwanza.

"Pakiti moja kwa siku."

"Si uliacha?" Mama akauliza.

"Sikuacha."

Daktari akaeleza taratibu. Ilikuwa saratani ya mapafu, na ilishafika kwenye ini. Mngekuja damu ilipoanza kuonekana, alisema, pengine kungekuwa na la kufanya.

Mlipofika nyumbani ndipo uliposema, "Nilikuwa naogopa."

"Kufa?"

"Nilikuogopa wewe."

Mama akaketi kizingitini. "Ningekufokea," akasema. "Ningekufokea mpaka majirani watoke nje. Halafu tungekwenda hospitali."

Miezi minne iliyobaki, leso alizifua yeye. Hasira haikumwisha, Baba, tusikudanganye. Alikulisha kijiko kwa kijiko huku amekununia, na ulipolala alilia jikoni, bomba la maji likiwa wazi ili usimsikie.

Mwezi uliopita alikuja jirani yako wa kazini, fundi viatu, kofia mkononi. Alikiri kwamba pakiti zako zilikaa kwenye sanduku lake la zana, na kwamba mlivuta pamoja nyuma ya duka miaka yote hiyo. Tulijua Mama atamtoa mbio. Lakini fundi alishikwa na kikohozi katikati ya maneno, na Mama akamsikiliza anavyokohoa.

"Mkeo anajua?"

Fundi akatikisa kichwa kukataa.

"Inuka. Twende tukamwambie sasa hivi."

Walikwenda. Alifokewa, Baba, sauti ilifika barabarani. Kesho yake asubuhi alikuwa kwenye foleni ya hospitali, mkewe upande huu, Mama upande ule, hana pa kukimbilia. Amepigwa picha ya kifua. Majibu bado tunayangoja, na kila simu ikilia Mama ndiye wa kwanza kuinuka.

Unakumbukwa na mkeo, binti zako wawili, mwanao kitinda mimba, dada yako mshonaji, majirani, na bibi wa saa nzima, ambaye bado anapita dukani.

Utakumbukwa daima, Baba, na kilichokuua tutakitaja kwa jina lake.