Maharage ya Misani na Manyanga ya Samuel

San Roque Alto,
Nariño, Kolombia.
14 Oktoba

Mpendwa mdogo wangu Yamile,

Salamu nyingi kutoka huku kwenye baridi. U hali gani? Samuel je, bado anakula kama hana tumbo la kushiba? Nimefurahi kusikia mgongo wako umepata nafuu. Usinyanyue tena makreti ya ndimu peke yako, wewe si punda, na huko Hispania punda hawajaisha.

Sisi tupo. Goti langu linalalamika, simbilisi wamezaa, paa la jiko bado linavuja pale pale. Mama ni mzima wa mwili. Hali ya moyo wake ndiyo inayoniandikisha barua, maana kwenye simu huwa yuko pembeni anasikiliza.

Unayakumbuka maharage yetu, yale tuliyoyaita Misani kwa sababu humo mlikuwa na kila aina, kama kanisani Jumapili: mekundu, meusi, ya njano, yenye madoa, na yale meupe ya kujidai? Hayapo tena, Yamile. Tumeyamaliza wenyewe, huku tukicheka.

Ilianza na sheria ya mbegu. Siilaumu sana. Jirani yetu Eudoro aliwahi kuuziwa mjini njegere zilizopakwa rangi, akapanda shamba zima, halikuota hata jani. Basi wakubwa wa serikali wakasema mbegu ya kuuzwa iandikishwe, iwe na jina, na punje zake zifanane, ili mnunuzi ajue anachonunua. Wakasema pia inalinda mbegu za wazee wetu. Akina mama wa kikundi chetu cha wakulima wakafurahi, wakamshika Mama aandikishe Misani.

Injinia Fabiola, yule binti wa ofisi ya kilimo, alikuja akaketi jikoni na kikombe chake cha maji ya sukari guru.

"Mama Otilia, hayaandikishiki hivi. Lazima yafanane."

"Mwanangu, watoto wangu wenyewe hawafanani, na baba yao ni mmoja."

"Hapo labda tumwulize marehemu!" Eudoro akadakia mlangoni. Mama akamtupia gunzi la hindi.

Fabiola akatuambia tuchague rangi moja, tuipande peke yake mpaka itoke tupu. Tukachagua mekundu. Hakutuambia tule zilizobaki. Hilo tulilifanya sisi, maana unamjua Mama, punje isiyokwenda shambani inakwenda chunguni. Msimu baada ya msimu tulikaa mezani tukichambua, mekundu huku, mengine kwenye supu. Supu zilikuwa tamu, sikufichi.

Na desturi unaijua. Aliyeishiwa mbegu huja kwa Mama na bakuli, akivuna hulirudisha limejaa. Kwa hiyo mekundu matupu yakaingia kila nyumba kilimani. Cheti kikaja, tukachinja simbilisi kusherehekea.

Mwaka huu mvua haikukata. Ukungu ulilala mashambani, kutu, ule ugonjwa wa madoa, ikaingia kwenye majani. Zamani kutu ikija, mekundu yalikufa, meusi yakasimama, tukala. Safari hii hapakuwa na meusi. Maharage ya kilima kizima yalikufa, kwetu na kwa wote waliochota kwetu. Fabiola amezunguka vijiji vyote akitafuta Misani. Alirudi mikono mitupu, akalia jikoni, na Mama ndiye aliyembembeleza. Cheti kiko ukutani juu ya jiko, kinakula moshi.

Sasa ni wakati wa kupanda. Watu wamenunua pakiti za mbegu mjini. Wanapita langoni, wanamwamkia Mama haraka haraka, hakuna anayeingia. Yeye anaosha mabakuli, anayapanga mezani, kesho anayaosha tena. Inaniuma, Yamile.

Juzi akaniuliza, "Yale manyanga ya Samuel bado yapo?"

Ni kile kibuyu alichomtengenezea mlipokuwa mnaondoka, akatia ndani konzi ya Misani ili mtoto asilie njiani. Nilimwambia uliwahi kusema kimening'inia kwenye mlango wa chumba cha Samuel. Kisha nikaanza kumweleza alivyoniambia Fabiola: punje zilizokaa miaka yote hiyo zimeshakufa, na mbegu isiyo na kibali ikikamatwa posta inachomwa. Mama aliniacha nimalize.

"Najua," akasema. "Nani kakwambia nataka kupanda?"

Basi usiyatume, wala usiyavunje kutazama. Jumapili ukipiga simu, zungumzeni kwanza mambo ya kawaida, halafu yatikise karibu na simu ayasikie. Atanyamaza. Usikate.

Msalimie shemeji Ignacio, na Samuel mpe busu hata kama ameota ndevu. Eudoro anakusalimu, siku hizi hatanii. Bikira Maria wa Las Lajas awafunike kwa joho lake huko mliko.

Ni mimi dada yako, nikupendaye ukiwa karibu na ukiwa mbali,

Rosalba