Mke Mwenzangu wa Ubelgiji

Baba Rayya,

Sikuulizi hali. Hali yako anaijua Aliyekuumba, na yangu nitakwambia mwenyewe, tena usinikatize. Nimekwenda Ubelgiji. Naam, miye Zuwena mkeo, niliyekuwa nikienda Nizwa wakati wa baridi nikajifunika mablanketi mawili, nimekwenda mpaka huko kwenye mashamba yako ya vita. Nimemwona mke mwenzangu. Kwa hivyo leo tutasemezana, hata kama msemaji ni mmoja.

Miaka yote ile, tende za shamba la Al Qabil zikishaanuliwa na kupakiwa, wewe unateremsha lile sanduku jeusi kutoka juu ya kabati. Koti zito, kofia ya sufi, pakiti za tende za khalasi, na haluwa umeizungushia gazeti. Unasimama mlangoni unaniambia, "Haya Bi Zuwena, nakuachia nyumba." Basi. Utafikiri nyumba itakimbia. Nami nabaki nayo hapa Ibra, nawe uko huko unatembea baina ya makaburi ya vijana wa Kizungu, waliouana wenyewe kwa wenyewe kabla hata babako hajaoa.

Ungekwenda Makka ningekwambia niombee. Ungekwenda Bangkok kwa matibabu, kama wenzio, ningejua la kuwajibu watu. Lakini kila Jumatano nikenda soko la wanawake wananiuliza, "Bwana keshasafiri?" Nasema keshasafiri. "Kenda wapi mara hii?" Kenda kutizama palipopiganwa vita. Wanatizamana wale wanawake, wananizidishia bizari. Huruma ile ilikuwa inaniuma kuliko tusi.

Nilikuomba unichukue, wala si mara moja. Ulikuwa ukinijibu, "Utakwenda kuona nini, Bi Zuwena? Baridi, na makaburi ya watu usiowajua." Ukisema kwa upole, na hapo ndipo uliponiweza. Mtu akinipigia kelele nampigia zaidi, lakini mtu akisema pole pole nakosa pa kushika.

Halafu lile ua. Mwaka wa mwanzo nililiona nilipokuwa nakung'uta koti lako nilianike. Ua jekundu la kitambaa, limechomekwa kwa pini upande wa moyo. Miye mtoto wa Mjini, Unguja. Kwetu mwanamke akimpachika mwanamme ua anajua anachokifanya. Mamangu alikuwa akimtilia babangu asmini mfukoni kila Ijumaa, na mtaa mzima ulikuwa unaelewa. Kikulacho ki nguoni mwako, na miye nilikuwa nacho mkononi. Nikalitupa kwenye taka, chini ya maganda ya vitunguu. Hukuuliza. Mwaka wa pili ukaja na jingine.

Na ile simu. Sauti ya mwanamke wa Kizungu inakutaka wewe, Said, na ile ain ya katikati ya jina lako ameitoa kooni sawasawa, kama mtoto aliyesoma chuoni kwa mwalimu mkali. Nikajua umemfundisha wewe. Na kumfundisha Mzungu herufi ile si kazi ya siku moja.

Kisha ukafa. Uliondoka baada ya Alasiri, kahawa yako bado ina moto, na kabla ya Isha ulikuwa umeshalazwa: jiwe moja kichwani, moja miguuni, bila jina, kama wanaume wote wa hapa. Nikakaa eda yangu kama inavyotakiwa. Pampu ya shamba imeharibika, imetengenezwa, imeharibika tena. Mjukuu wako anajifunza gari, na Kiswahili chake bado ni "kiti yangu" na "meza changu", na hakuna tena wa kumrekebisha, miye nacheka tu. Kiti chako kipo uani. Paka amekirithi.

Nilikuwa ndani ya eda simu ile ilipolia tena. Rayya akapokea, akamwambia yule mwanamke kwamba Baba amefariki. Nikamwona anaiondoa simu sikioni, anaitizama. Nikamuuliza vipi. Akasema, "Analia, Mama. Hawezi kunyamaza." Baba Rayya, mjane aliye ndani ya eda haifai kupandisha sauti. Nilipandisha.

Nilipotoka tu nikamwambia Rayya akate tiketi. Unamjua binti yako, mwalimu wa watoto wadogo Nizwa, subira anayo. Akaniuliza, "Mama, tunakwenda kufanya nini?" Nikamwambia nakwenda kumpa mkono wa taazia mke mwenzangu.

Jina lake Greta. Nilivyomfikiria miye alikuwa mwembamba, mdomo mwekundu, sigara baina ya vidole. Akatufungulia mlango bibi wa makamo yangu, mnene, buti za matope, mikono mikubwa ya mtu wa shamba, na nyuma yake bata bukini wanapiga kelele. Akanikumbatia kabla sijajipanga. Maneno niliyokuwa nimeyatayarisha tangu Maskati yakapotelea kwenye koti lake.

Ningelimsamehe pale pale. Lakini nikatupa jicho chini. Karibu na mlango, kwenye busati la viatu, makubadhi yako. Yale ya ngozi nyekundu, niliyoyatafuta nyumba nzima mpaka chini ya friji, ukaniambia, "Labda yamepotea uwanja wa ndege." Yamepotea wapi. Yamekaa kwa Greta, yamepakwa mafuta, yanakungoja. Mtu haachi viatu mahala asipokuwa na nia ya kurudi. Chakula alichotupikia sikukigusa. Nilisema safari imenichosha.

Kesho yake akatupeleka. Sikudanganyi, mahala pazuri. Nilitaka pawe pabaya. Majani yamekatwa yakalala kama zulia, mawe meupe safu kwa safu mpaka jicho linachoka, na kila jiwe lina jina, na kikosi, na umri. Rayya alikuwa ananisomea. Kumi na tisa. Ishirini. Kumi na tisa. Watoto watupu. Kuna watu kazi yao ni kupalilia hapo tu. Na wengine wanakuja kwa mabasi, hawana nasaba na waliolala pale hata kidogo, wanapita kimya kimya, na kila mmoja ana ua jekundu la kitambaa kifuani. Wazee, watoto wa skuli, mpaka dereva wa basi. Greta akatwambia ni ukumbusho wa wale vijana, kwa kuwa mizinga ilipokwisha kuichimbua ardhi ile, maua mekundu ndiyo yaliyoota mwanzo. Basi miaka yote ile nilikuwa naona wivu wa ua analolivaa hata dereva wa basi.

Wivu wa ua ukanitoka, ukaingia mwingine mkubwa zaidi. Niliwaonea wivu mama zao. Mama wa kijana yule aliambiwa: mwanao yuko safu hii, jiwe hili. Miye nani aliniambia?

Khabari ya babangu unaijua. Nilikwambia mwaka tuliooana, mara moja, na hukuniuliza tena. Mwaka ule wa Mapinduzi alitoka asubuhi kutizama duka lake, hakurudi. Hatukuoneshwa maiti, hatukuambiwa kalazwa wapi. Mamangu alimsomea khitma juu ya mkeka, hakuna kaburi la kwenda. Na miye, mtoto mdogo, niliambiwa ninyamaze, watu wasisikie. Nikanyamaza mpaka nimezeeka. Nikitaka kumlilia babangu sijui nielekee wapi, basi namlilia jikoni, nikikata vitunguu, ukiniuliza nasema vitunguu.

Sasa sikiliza. Greta akanishika mkono, akatupitisha kwenye majina yote mpaka pembeni kabisa, karibu na ukuta. Pale kuna mawe yasiyo na majina, ya vijana ambao hawakutambulikana. Akasimama mbele ya moja, akasema neno. Rayya akanigeukia. "Mama, anasema hapa ndipo alipo kaka yake Baba."

Kaka gani? Nilitaka kucheka. Kaka yako ni Khalfan, nilimjua kwa jina na kwa picha moja, na nilijua aliuawa Unguja mwaka ule ule wa babangu. Wewe hukumtaja, miye sikukutajisha. Ndivyo tulivyoishi watu wote wa umri wetu, kila nyumba na watu wake wasiotajwa.

Greta akaeleza, na Rayya akafasiri. Kwamba ulikuwa kijana, unasoma Uingereza, na rafiki yako alikuchukua kwenda kutizama kaburi la babu yake, mkafikia kwa mamake Greta. Khabari ya Khalfan ilikuwa imekufika siku chache nyuma: kauawa, hajulikani alikolazwa, na wewe usirudi. Ukakaa kwenye ngazi za nyumba ya watu, ukamwambia yule mama, "Ndugu yangu hana kaburi." Yule mama hakukupa pole. Alivaa koti, akakuchukua mpaka kwenye mawe yasiyo na majina, akakwambia, "Hawa mama zao hawajui yupi ni yupi. Chagua mmoja, umsimamie." Greta alikuwa mtoto wa skuli, ndiye aliyekushikia mwavuli. Anasema ulilia mpaka mvua ikakatika. Na kila mwaka ulipokuja, ukilia.

Ukilia.

Nimekaa nawe ndoa nzima sijaona chozi lako. Ulimzika mamako, ulimwozesha binti yako wa pekee, jicho kavu. Nikadhani ndivyo ulivyoumbwa. Siri ya mtungi aijuaye kata, wanasema, na miye nilijihisabu kata. Kumbe kata ni mtoto wa Kibelgiji mwenye mwavuli.

Lakini hilo silo linalonichoma. Linalonichoma ni hili. Ulikuwa na kaburi, Baba Rayya. Ulikuwa na mahala pa kusimama. Na ulijua mkeo naye ana mtu asiyekuwa na kaburi, ulijua, nilikwambia kwa mdomo wangu. Na kila mwaka ukafunga sanduku ukenda peke yako, ukaniachia nyumba. "Makaburi ya watu usiowajua." Tende ulinigaia, shamba ulinigaia, hata homa zako ulinigaia. Hilo hukunigaia.

Rayya anasema labda ulikhofu kunitonesha. Ati wanaume wa enzi zenu hawakujua kusema. Rayya ni mtoto wako, lazima akutetee. Miye nasema ulikuwa mchoyo. Hukuwahi kuwa mchoyo wa kitu kingine chochote, ndiyo maana sikukutambua.

Mkono wa kulia wa jiwe la Khalfan kuna jingine halina jina. Nikalisogelea. Hakuna ua, hakuna aliyelisimamia. Nikalichagua. Nikamwita babangu kwa jina lake, Nasor, kwa sauti, mara ya kwanza tangu nilipoambiwa ninyamaze. Nikamsomea Fatiha. Ukinuna, nuna. Dua inamfika kokote alikolazwa, jiwe ni mahala pa kuweka macho tu. Na yule kijana aliye chini yake nikampa pole, mtoto wa watu.

Kisha nikalia. Wewe sikukulilia vile, nisamehe. Nililia kilio cha mtoto aliyesimama mlangoni anamngoja babake na duka lishafungwa. Rayya hajapata kuniona hivyo, akashindwa la kufanya. Greta ndiye aliyejua. Akasimama ubavuni pangu, akafungua mwavuli, na mvua haikuwepo.

Siku ya kuondoka nikainama nikayachukua makubadhi. Sikuomba. Greta akanitizama, nikamtizama, akaleta mfuko akanitilia. Na yeye ni mjane, anaelewa. Alikushikia mwavuli kabla sijakujua, sawa, hilo silifuti. Lakini viatu vya mume wangu vinakaa nyumbani kwangu. Nimemwachia tende na haluwa, na nimemwambia mara nyingine awafungie wale bukini, maana mmoja alinifukuza mpaka garini.

Jana Rayya alinipeleka kaburini kwako. Nimesimama mbele ya mawe yako mawili. Jina halipo, wala sihitaji, najua ni yapi. Nimekufikishia salamu za Khalfan. Nilitaka kukusema zaidi nikaona upepo unavuma mchanga, nikasema nitakwenda kuandika.

Wivu sijauacha. Nitakuwa nao mpaka nije huko ulipo, unieleze mwenyewe, na utanieleza. Lakini nakuahidi hili. Mwaka huu tende zikishaanuliwa, nitaliteremsha lile sanduku jeusi. Nitamsimamia Khalfan kwanza, kwa kuwa wewe huwezi tena, kisha babangu. Koti nimeshanunua, huko huko Ubelgiji. Greta amelipachika ua jekundu upande wa moyo, na sasa zamu yako kujiuliza nimepewa na nani.

Haya, Baba Rayya. Nakuachia nyumba.

Zuwena