Filimbi Moja ni Kulia

Mpendwa Dada,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe na shemeji na watoto, na kwamba mgongo umeacha kukusumbua tangu upunguze kuinamia cherehani. Mama hajambo, ila ananung'unika kwamba simu zako zimekuwa adimu. Mimi ni mzima wa mwili. Kichwa ndicho kimechoka, na utaniwia radhi nikilalamika kidogo, maana hapa shuleni hakuna wa kunisikiliza.

Vile vizibao vya njano ulivyotushonea vilifika. Asante sana, ila dada yangu, tangu lini mtoto wa darasa la nne akawa na mabega ya mbeba magunia? Vinawafika magotini. Lakini wamevipenda, hata darasani hawataki kuvivua.

Nilikueleza kwamba mwalimu mkuu amenitwika mafunzo ya usalama wa baiskeli. Sababu aliyotoa ni kwamba aliwahi kuniona nimepanda baiskeli, basi. Watoto thelathini na wanane, baiskeli nne, moja haina breki, nyingine kengele yake ikianza hainyamazi. Nilichora barabara kwa chaki uwanjani, wavulana wakaifuta kwa kuchezea mpira. Mzazi mmoja akaja kunigombeza kwamba kofia ngumu za kuvaliana zitaleta chawa. Nilipomwomba mwalimu mkuu baiskeli zaidi, akasema nitumie ubunifu.

Haya, nikautumia. Baiskeli tulizipanda kwa zamu, kwenda moja kwa moja tu, na ishara za mikono tukajifunza kando, tumesimama. Wao kwa mistari, mimi mbele nikiwatazama. Nusu yao hawajui kulia wala kushoto. Siku ya tatu sauti ikanikauka, nikawaambia wasahau maneno, waufuate mkono wangu. Filimbi moja, mkono huu, ndiyo kulia. Filimbi mbili, mkono ule, ndiyo kushoto. Kufikia wiki ya pili mikono yote ilinyooka upande mmoja na wangu, nikajisifu mwenyewe, maana sikuona wa kunisifu.

Mikono yote, isipokuwa ya mtoto mmoja. Wenzake wanamwita Mbona, kwa sababu kila akifungua kinywa neno la kwanza ni hilo. Ndiye pekee mwenye baiskeli yake. Baba yake ni mlinzi wa ghala, alimnunulia kuukuu kwa kuwa kutoka kwao kwa miguu ni saa nzima na nusu. Basi huyo, nikipuliza moja, wenzake wananyoosha huku, yeye kule. Mara ya kwanza nikamwelekeza. Mara ya pili nikamfokea. Mara ya tatu nikamfuata kwenye mstari, nikaushika mkono wake nikaushusha, nikaunyanyua ule mwingine, darasa zima likacheka. Baada ya hapo akafanya kama wenzake.

Alhamisi iliyopita askari wa barabarani alikuja kuwatahini. Tukaanza na Mbona kwa vile ndiye mwenye uzoefu. Alitakiwa akate kulia penye kituo cha mafuta. Nikapuliza moja. Akanyoosha mkono, akakata, na gari la mikate lililokuwa nyuma yake likamgonga gurudumu. Mungu alisaidia, lilikuwa linakwenda taratibu. Mtoto amevunjika kifundo cha mkono, amefungwa plasta. Dereva alishuka, akaapa kwamba mtoto alionyesha kushoto, ndiyo maana akampita kwa kulia. Askari akasema hata yeye aliona hivyo. Mwalimu mkuu aliponiuliza, nikamjibu kwa hasira kwamba huyo mtoto ni mbishi tangu siku ya kwanza. Siku hiyohiyo ikaandikwa barua: Mbona asije tena shule kwa baiskeli. Nikatia saini.

Kesho yake niliwapanga waliobaki nirudie somo. Jua lilikuwa linanichoma macho, kwa hiyo nikahamia nyuma yao. Nikapuliza moja. Dada, ukisimama pale, kulia ni upande wa geti. Mikono thelathini na saba ikaelekea vyooni.

Siku zote hizo walikuwa wanauiga mkono wangu nikiwa nimewaelekea, na kulia kwangu ni kushoto kwao. Yule mtoto ndiye pekee aliyekuwa sahihi, na ni mimi niliyemkosesha, kwa mikono yangu hii. Niliwaambia waingie darasani, wala sikumwambia mtu.

Sasa ngoja nikwambie lile linaloninyima raha. Jumatatu mama yake alimleta ofisini, wote wawili vumbi hadi magotini, aje kuniomba radhi. Akaniomba msamaha mbele ya mwalimu mkuu kwa kutosikiliza. Mimi nilikuwa najua tayari, na bado nikaupokea. Halafu akaniuliza, kwa adabu kabisa, kwani ule mkono wake wa kwanza ulikuwa na kosa gani. Mama yake akamfinya bega anyamaze. Nami nikamwambia aache ubishi.

Nimeona aibu ambayo sijawahi kuiona. Tangu siku hiyo anafika kipindi cha pili, na ninayeandika jina lake kwenye daftari la wachelewaji ni mimi. Leo nikitoka kazini naenda kwao, kwa miguu, nikamjibu swali lake mama yake akisikia. Kesho nitamwambia mwalimu mkuu, achukue filimbi, na kazi pia akitaka. Barua hii naituma kwa basi la mchana, utaipata leo jioni; tafadhali usinipigie simu kabla sijamwambia. Ukinionea huruma nitaghairi, najijua.

Nisalimie shemeji, na watoto wote mmoja mmoja. Mama anakutumia salamu nyingi.

Mimi mdogo wako,
Mwalimu