Mbolea ya Kuku na Ngogwe za Bibi

Lipangalala,
Ifakara.
5 Oktoba 2025

Shangazi Justa mpendwa,

Leo ni tarehe tano Oktoba, na kabla sijaandika lolote nimejiapiza kwamba nitakueleza yote, hata yale ninayoyaonea aibu. Nimeianza barua hii mara nne tangu Jumatatu. Mara tatu niliichana. Hii sitaichana.

Shikamoo, shangazi. Habari za Kasulu? Mguu haujambo? Mama aliniambia ulikuwa unakuuma tena ukisimama zamu nzima wodini. Mdogo wangu Jane amepona kikohozi? Mwambie nimemwekea vile vitambaa alivyovipenda wakati wa Pasaka, havijaguswa na mtu.

Sisi hapa ni wazima. Mama alipata malaria mwezi wa nane lakini amepona na amerudi kwenye kuku wake. Fridolin amevunja jino kwa muwa na anatembea mdomo wazi kila mtu alione. Mpunga wa shamba la Mchombe tulivuna vizuri, magunia yamejaa chumba cha nyuma hadi dirishani. Mimi mtihani wa kidato cha pili ni mwezi ujao. Nasoma, lakini nikifika mstari wa tatu nainuka kwenda bustanini kutazama, narudi, naanza tena mstari wa kwanza. Utaelewa sababu.

Shangazi, ni habari ya mbegu za ngogwe ulizonipa Pasaka, zile za marehemu bibi. Unakumbuka ulivyoniwekea ile karatasi mkononi ukaniambia bibi alizitoa Mahenge kwenye pindo la khanga, na kwamba hazipatikani sokoni, nyeupe, ndogo, zisizo na uchungu wa nyanya chungu nyingine. Ulisema unanipa mimi kwa sababu mkono wangu hauna haraka. Neno hilo ndilo linaloninyima raha.

Nilizisia mwezi wa sita kwenye kitalu kidogo karibu na mto Lumemo, ndani ya ule ua wetu wa matete. Ziliota vizuri kabisa. Mwishoni mwa mwezi wa saba nilihamishia miche arobaini na mmoja kwenye matuta. Niliihesabu kila asubuhi kabla ya shule.

Lakini ilikuwa inakua polepole, na mimi nilikuwa nahesabu siku. Bustani ile unaijua. Mvua kubwa zikianza mto unapanda, na kitu chochote ambacho hakijaiva kinaondoka na maji. Niliogopa ngogwe hazitafikia kuwa nyekundu, na isipoiva hadi kuwa nyekundu haitoi mbegu ya kuhifadhi. Nikaona lazima niiongezee nguvu.

Ng'ambo ya njia, nyuma ya nyumba yetu, lipo zizi la Mzee Shilinde, na samadi imerundikana pale kama kichuguu. Yeye na mkewe wanampa yeyote anayeomba. Ila baba tangu ng'ombe walipoingia kwenye mpunga wetu wa Mchombe miaka miwili iliyopita hataki kusikia. Hata hawakuwa ng'ombe wa Mzee Shilinde, lakini kwa baba ng'ombe wote ni wamoja. Alishasema, "Toroli la samadi kutoka zizi lile lisikanyage kwangu." Kwa hiyo sikuomba.

Nilifikiria kuku wa mama. Mwalimu Jeremia, anayetufundisha kilimo, alikuwa ametuambia wiki ile kwamba mbolea ya kuku ina nguvu kuliko ya ng'ombe, na nikaandika kwenye daftari na kupigia mstari kwa rula. Kengele ikalia. Somo la namna ya kuiivisha lilikuja wiki mbili baadaye, shangazi, na wiki mbili zile ndizo zilizoniangusha.

Unajua mama anatandika banda kwa maganda ya mpunga kutoka mashineni. Nilipofagia Jumamosi, yale maganda yalikuwa makavu, mepesi, yamegeuka rangi. Nikadhani ni mbolea ya zamani. Sikufikiri kwamba maganda ndiyo ya zamani na kinyesi ni cha juzi. Harufu ilinitoa machozi na bado sikujiuliza. Nilijaza ndoo mbili na kuweka konzi kwenye shina la kila mche, nikabana vizuri kama mtu anayemfunika mtoto, nikamwagilia. Niliona nimefanya kazi safi sana.

Siku ya tatu ncha za majani zilikuwa za kahawia. Siku ya tano miche ilikuwa imejikunja kama kitu kilichopitiwa na moto. Fridolin alisimama kwenye tuta akaita kwa sauti, "Dada, umezikaanga! Nilete chumvi?" Nilimrushia bonge la udongo na halikumpata.

Mtu wa kwanza kuniambia ukweli alikuwa Mama Ndaki, mke wa Mzee Shilinde. Alikuwa anatoka mtoni na ndoo kichwani. Alisimama nje ya matete, akachungulia, akauliza, "Ng'wanone, mwanangu, hawa umewapa nini?"

Nikasema mbolea ya kuku.

"Ya lini?"

"Ya Jumamosi."

Alicheka mpaka maji yakamwagika mabegani. "Wewe ungeshushiwa ugali unaotokota ungeumeza? Sisi hata mavi ya ng'ombe tunayalaza kwanza, sembuse ya kuku! Kuku ni mdogo lakini mavi yake ni makali kama maneno ya wifi."

Halafu aliweka ndoo chini, akaingia bila kukaribishwa, akapiga magoti. Tuliondoa ile mbolea kwa mikono kwenye kila shina, moja baada ya jingine, tukamwaga maji mengi sana ili ule ukali ushuke chini. Alinionyesha kuirundika pembeni na nyasi kavu, kuinyunyizia maji, kuifunika kwa majani ya migomba na kuigeuza kila wiki. Alichomeka kijiti katikati ya rundo. Ukikichomoa unakiweka shavuni; kikiwa cha moto, mbolea bado haijaiva. Kikitoka baridi na harufu ni ya udongo wa mvua, hapo ndipo unaipeleka kwa mimea, tena kwa mbali kidogo na shina.

Wiki ya kwanza kijiti kilinichoma kweli, nikakitupa. Nilikuwa nakichomoa kila siku ingawa aliniambia nisikisumbue. Ilichukua wiki sita. Sasa rundo ni jeusi na limepoa, na nimeshaanza kulitumia.

Lakini katika miche arobaini na mmoja iliyobaki ni tisa, shangazi. Thelathini na miwili ilikufa, na ni mimi niliyeiua.

Sasa nafika kwenye jambo baya zaidi. Jioni moja tukiwa tunakula, baba aliuliza ngogwe za mama yake zimefanyaje mbona matuta yako wazi. Kabla sijafungua mdomo alijijibu mwenyewe. "Huyu Justa naye! Mbegu amezianika juu ya bati huko Kasulu kama mpunga, halafu anampa mtoto kitu kilichokufa." Mama akasema labda ni kweli, huko jua lingine. Na mimi nikanyamaza. Nilimega tonge nikala. Shangazi, nilikuacha ubebe kosa langu, na ulilibeba zaidi ya mwezi mzima humu ndani, kila mgeni aliyeuliza habari ya bustani akiambiwa ni wewe.

Wiki moja kwenye mafundisho ya kipaimara mkatekista alituambia kwamba kunyamaza nako ni kusema uongo. Hakuwa ananitazama mimi, lakini nilihisi kama ananitazama.

Jumapili iliyopita baada ya misa nilimfuata baba uani. Alikuwa amegeuza baiskeli juu chini anaziba pancha. Nikasema, "Baba, mbegu hazikuwa mbovu. Ziliota zote. Ni mimi niliyezichoma kwa mbolea mbichi ya kuku."

Alizungusha gurudumu akalitazama mpaka likasimama lenyewe. Kisha akauliza, "Shangazi yako anajua kwamba nimekuwa nikimsema?"

"Hapana, baba."

"Basi mwandikie. Usipige simu, utalia tu na vocha itaisha. Andika yote, na langu uliweke. Mwambie kaka yake anasema alikosea."

Nimeliweka, shangazi. Anasema alikosea.

Halafu akauliza nani alinifundisha kuziokoa zile tisa. Nikasema Mama Ndaki, na kwamba aliingia ndani ya ua wetu na kupiga magoti kwenye udongo wetu. Hapo baba alirudi kwenye pancha yake, na habari ya Mama Ndaki hajaigusa tena mpaka leo. Kila jioni anakwenda bustanini peke yake, anasimama kwenye lile rundo la mbolea, anarudi. Juzi nilikuta kijiti kimechomekwa mahali pengine. Sijui amekasirika au anafikiri, na kuuliza naogopa.

Miche tisa imepona. Imedumaa kidogo lakini majani mapya ni mapana, na saba ina maua. Mmoja una ngogwe mbili za ukubwa wa gololi. Nimezifungia kitambaa ili Fridolin asizichume kwa utani, na nimemwambia mama hata wageni wa kipaimara wakija hizi haziingii chunguni.

Kinachonisumbua ni mawingu. Tangu Alhamisi yanakaa juu ya milima ya Udzungwa mpaka saa nne asubuhi, na watu wanasema mwaka huu mvua itawahi. Nikisikia upepo naamka kutazama. Nahesabu siku mpaka ziwe nyekundu na hesabu inanipa katikati ya Novemba, siku zile zile za mtihani. Mto ukitangulia, sitakuwa na cha kukurudishia.

Naomba unisamehe kwa mbegu, na unisamehe zaidi kwa kunyamaza. Ukinigombeza nigombeze hata kwa kurasa nyingi, nitasoma hadi mwisho.

Baba na mama wanakusalimu sana. Fridolin anakusalimu na jino lake. Bibi mdogo Balbina wa Sanje naye alipita wiki hii akasema nikuandikie kwamba anakuombea. Msalimie Jane na majirani wako wote wa hapo. Mungu akulinde kazini na njiani, aupe mguu wako nafuu, na akulete tena nyumbani tukuone.

Nakuuliza jambo moja tu, na nakuomba unijibu kwa barua itakayorudi, bila kunionea huruma: mbegu zile za bibi, ulinipa zote, au huko Kasulu zimebaki hata punje kumi?

Ni mimi mtoto wa kaka yako, ninayekupenda na kukungoja,

Kristina Anselim